Kapiteni na Waliokuwa Uwanjani

Mimi mpira sikuupenda, na mpaka leo siupendi. Nimeshona jezi za timu tatu za mtaani, nimetia viraka kaptula za mabeki wasiojua kuanguka vizuri, lakini ukiniuliza kuotea ni nini nitakujibu kwamba ni sababu ya wanaume kugombana. Kwa hiyo nikisema kwamba hapa mtaani Tshopo, Kisangani, hakuna mtu aliyependwa kama Kapiteni, usidhani ni ushabiki unaosema. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka thelathini. Nimeona watu wakimsubiri langoni asubuhi hata uso hajanawa. Na niliwahi kugombana naye mara moja, kwa ajili ya kaka yangu aliyekufa. Nilitaka aseme juu yake neno moja la uongo, tena uongo mdogo, naye akanikatalia. Habari hiyo nitaifikia. Kwanza mumjue mwenyewe.

Jina lake la ubatizo analijua mkewe na padri. Sisi wengine wote, tangu polisi wa barabarani mpaka mama muuza samaki, tulimwita Kapiteni. Aliichezea timu kubwa ya mji huu upande wa kushoto, akachukuliwa Kinshasa, kisha akaenda Ubelgiji kucheza misimu miwili. Alirudi na koti refu la sufu na goti lisilokunjika. Koti alimpa mlinzi wa shule, kwa sababu Kisangani na joto hili koti la sufu ni adhabu. Goti lilimbakia.

Ungemwona akitembea ungedhani ana haraka, kumbe ni lile goti. Alipenda kwenda kwa miguu, na si kwamba alikosa wa kumbeba. Waendesha toleka, zile baiskeli zetu za abiria zenye kiti cha sponji nyuma, walikuwa wakimgombania. Akipanda ya mmoja, wengine wananuna. Akitaka kulipa, aliyembeba anakasirika na kusema ametukanwa. Basi Kapiteni akaamua kutembea, na matokeo yake ni kwamba alipokwenda sokoni alifuatwa na toleka tano au sita zikijikongoja polepole nyuma yake, kila mwenye baiskeli akingoja goti limshinde. Mkewe alikuwa akisimama langoni, mikono kiunoni, anatikisa kichwa. "Miye sikuolewa na mutu," aliniambia siku moja. "Nimeolewa na muji muzima."

Halafu kulikuwa na akina mama wenye watoto waliochelewa kutembea. Sijui nani alianzisha, lakini mtoto akifika mwaka na nusu hajasimama, mama yake alimleta kwa Kapiteni amshike miguu. Kapiteni alilalamika kila mara. "Miye niko mutu ya mpira, siko nganga. Mupeleke mutoto hospitali." Akishalalamika alikaa kwenye kigoda, akakichukua kile kitoto, akakikanda nyayo kwa dole gumba, wa kushoto kwanza. Mmoja alitembea kesho yake, nasi tukapiga kelele mtaa mzima. Wengine walitembea siku zao zilipofika, na mama zao walimshukuru vilevile. Binti yangu Aziza naye alipelekwa, na aliyempeleka ni mimi nisiyeamini.

Wachezaji wazuri mji huu umewapata wengi. Wengine walifunga kuliko yeye, na leo wakipita sokoni hakuna anayegeuza shingo. Nilijiuliza miaka mingi kwa nini yeye tu, mpaka nikagundua kwamba watu hawakuja kumkumbuka. Walikuja wakumbukwe. Kapiteni alikuwa na kipaji ambacho mpaka leo sijakiona kwa mwingine: aliwakumbuka watazamaji. Mtu akija, hata awe kijana wa juzi, Kapiteni alimwuliza kwanza baba yake ni nani: "Papa yako njo nani?"

"Papa yangu alikuwa fundi baiskeli kule Mangobo, Kapiteni. Alikuwa na kovu hapa kwenye shavu."

Kapiteni alifumba macho kidogo. "Ah! Fundi! Alikuwa anasimama nyuma ya goli ya upande wa mutoni, na kofia ya mukeka. Ule alikuwa anatukana arbitre na heshima. 'Bwana arbitre, samahani, weye uko punda.' Vraiment! Papa yako alikuwa mutu wa adabu."

Na yule kijana, ambaye pengine baba yake alikufa yeye akiwa tumboni, aliondoka pale amepewa baba mwenye kofia ya mkeka na sauti ya kumtukana mwamuzi. Nimewaona wanaume wazima wakilia langoni pale, na mimi nikiwa na sindano mdomoni nikajifanya sioni.

Kutokana na hilo ikazuka desturi kwenye matanga. Mtu wa rika lile akifa, wakishamzika, watu wakishakaa siku zao chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, siku ya tatu Kapiteni anasimama na kusema marehemu alisimama wapi uwanjani. Ni maneno machache, kisha anakaa. Waislamu tulimngojea baada ya dua, Wakatoliki baada ya misa, na wale wa kanisa la maombi walimpa kipaza sauti wakaomba asikawie sana. Familia ambayo Kapiteni hakuifikia ilijiona kama haikumaliza msiba wake. Na kama marehemu hakuwahi kukanyaga uwanjani, Kapiteni alisema hivyohivyo, kwamba huyu hakumwona, akatoa pole, akakaa.

Maana lilikuwapo neno lake moja, na kila mtu mtaani alilijua: "Mwenye alikuwa, alikuwa. Mwenye hakukuwa, hakukuwa." Juu ya hilo hakuna aliyeweza kumhonga. Iko siku moja hasa ambayo kila mwanaume wa umri ule hapa mjini anadai alikuwapo, ile siku timu ya Kinshasa ilipofungwa hapa kwetu baada ya mvua, Kapiteni akipiga bao kutoka kwenye dimbwi. Wote waliodai hivyo ungewaingiza uwanjani, kuta zingebomoka. Kapiteni aliwachuja bila huruma. Mbunge mmoja alikuja kufungua mashindano ya mtaa, akashika kipaza sauti, akasema naye siku ile alikuwapo, alibebwa mabegani na baba yake. Kapiteni, aliyeitwa kupiga mpira wa kwanza, akamwambia mbele ya watu, "Honorable, ile siku mama yako alikuwa hajaolewa bado." Watu walicheka mpaka mechi ikachelewa kuanza.

Na tajiri mmoja alipokufa, watoto wake walishona fulana zenye picha yake na kutangaza kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiilisha timu. Kapiteni akasimama na goti lake. "Huyu papa hakulisha timu. Alikuwa anauza karanga nyuma ya goli. Karanga yake ilikuwa ya moto, na batoto wenye hawakuwa na kitu alikuwa anabapa bule. Miye mwenyewe nilikula." Wale watoto waliinamisha vichwa kwa haya. Lakini binti mkubwa akasema kwa sauti, "Njo papa kabisa!" akaanza kulia vizuri, kilio ambacho tangu siku ya kwanza kilikuwa kimekataa.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Huyuhuyu aliyewaumbua wabunge alikuwa mwizi wa dame, mchezo wetu wa drafti. Walicheza kwa vifuniko vya chupa kwenye ubao uliochorwa kwa mkaa, na ukigeuza kichwa kupokea salamu, kifuniko chako kimekwenda. Ukimshika anaapa, akikuapia anakutazama usoni. Alikuwa na majivuno ya viatu. Alivipiga rangi kila asubuhi, hata masika ambapo barabara zetu ni uji mtupu. Mpira wa televisheni aliuchukia. Vijana walipomwita kwenye baa watazame mechi za Ulaya, alikaa dakika kumi, akanyanyuka na kusema wale watoto wanaanguka kama nguo kwenye kamba. Na alikuwa mlafi wa lituma. Mkewe alipompondea ndizi zile, alisimama jikoni akingoja, mtu mzima, bakuli mkononi.

Na aligombea ubunge, hilo lazima niliseme. Vyama vilimwandama mpaka akakubali. Alipopita na wafuasi wake, soko lilifungwa kwa shangwe. Ungedhani ameshapita. Kura zilipohesabiwa alikuwa mbali kabisa, chini hata ya mtu mmoja aliyekuwa gerezani. Alijifungia ndani wiki nzima. Nilimpelekea chai, naye akaniuliza waziwazi kama nilimpigia kura, nami nikamwambia kweli: sikumpigia. Tulikuwa tumeongea sokoni, sisi wanawake, tukaona tukimpeleka Kinshasa hatarudi. Nani atatusemea kwenye matanga? Akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Tangu siku ile alipoona bango la mgombea yeyote aliniita, "Mama Aziza, huyu naye munamupenda, ao mutamupigia?"

Basi kaka yangu. Saidi alinizidi miaka kumi. Alikuwa mpagazi bandarini, baadaye karani wa mizigo, na mkewe alipofariki akaja kukaa uani kwangu. Kila alasiri alivuka kwenda langoni kwa Kapiteni, akakaa kwenye benchi, na wageni wakifika yeye ndiye aliyewasimulia lile bao. Alianza kila mara namna moja. "Nilikuwa nimesimama kwenye mustari wa kushoto, miguu ndani ya maji." Kisha mvua iliyokoma dakika za mwisho, mpira uliotoka katikati, beki wa Kinshasa, mnene, aliyekuja kuuwahi. Mpira ukafika kwenye dimbwi ukasimama, pwaa, kama umepigwa msumari. Beki hakutegemea, akapita moja kwa moja kama toleka isiyo na breki, akaenda kuangukia watu. Kapiteni yeye alikuwa amepunguza mwendo kabla, kwa sababu mtoto wa Kisangani anajua maji yanafanya nini. Akautoa mpira kwa ncha ya kiatu, akauinua juu ya kipa. Hapo Saidi alisimama kwenye benchi na kunyoosha mkono, na wageni wote waliutazama mkono wake mpaka mpira uingie.

Nilikuwa nimeichoka hadithi ile. Niliisikia kupitia ukuta huku cherehani ikienda, na ningeweza kuisema nimelala. Tena nilikuwa na sababu nyingine ya kuichoka. Nilijua ni uongo.

Siku ya mechi ile mama yetu alimtuma Saidi aende Lubunga, ng'ambo ya mto, kuchukua gunia la mchele kwa shangazi. Alivuka asubuhi, akihesabu kwamba saa sita atakuwa amerudi. Alipofika ufukweni na gunia lake akakuta mitumbwi yote imefungwa upande huu wa mjini. Wapiga kasia wote walikuwa wameacha kazi wakaenda uwanjani. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mtu aliyeko ng'ambo naye angependa kuona mpira. Saidi alikaa juu ya gunia, akanyeshewa na mvua yote, na alichopata ni kelele zilizovuka maji. Alirudi jioni na mchele uliolowa. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nami ndiye niliyemfungulia mlango. Alilia, kijana mwenye ndevu, na mama akadhani analilia mchele.

Wiki iliyofuata bandarini aliuliza kila aliyeshuka na kila aliyepanda. Wewe ulisimama wapi? Uliona nini? Beki aliangukia wapi? Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia kipande cha leo, akikiunganisha na cha jana. Miaka ikapita, mama akafa, na siku moja nikamsikia akisema, "Nilikuwa nimesimama." Sikumsahihisha. Ilikuwa ni yeye peke yake mwenye kuumia kwa ajili ya siku ile, na niliona ameilipia.

Kilichonishangaza ni Kapiteni. Mtu asiyemwachia mbunge, asiyemwachia maiti ya tajiri, alikaa kwenye benchi lilelile akimsikiliza kaka yangu na kutazama viatu vyake. Hakuwahi kusema ndiyo wala hapana.

Mara moja hadithi ile ilitufaa sote. Wakati wa vita kulikuwa na kizuizi cha askari kwenye njia ya kwenda mtoni, na siku tatu hatukuwa na maji. Tulipanga mstari na ndoo zetu, wanawake wengi na wazee wachache, askari wamekataa. Kapiteni alikwenda mbele. Mkubwa wao alimtazama, akasema baba yake alimsimulia habari za mtu wa bao la dimbwini, ni weye? Basi simulia. Na Kapiteni akasema, "Nilipata mpira, nilipiga, uliingia." Yule askari akakunja uso, alijiona amedharauliwa. Nilimwona kaka yangu akiweka dumu lake chini. "Pardon, chef," akasema, "miye nilikuwa nimesimama kwenye mustari wa kushoto, miguu ndani ya maji." Alisimulia kuliko alivyowahi. Askari waliegemea bunduki zao, na nyuma ya migongo yao sisi tukapita mmoja mmoja na ndoo. Wa mwisho alipopita ndipo mpira ulipoingia.

Saidi alikufa mwaka juzi, moyo, mchana, amekaa. Tulimzika siku ileile. Siku ya pili ya matanga nikaanza kuwaza juu ya kesho yake. Mji mzima ungekuja kusikia Kapiteni akimsemea yule msimulizi, na Kapiteni alikuwa na neno lake moja tu. Nikaona kaka yangu anazikwa mara ya pili, safari hii na aibu. Nikavaa mtandio nikaenda ukuta wa pili. Alikuwa barazani na ubao wa dame, anacheza peke yake, na nadhani alikuwa anajiibia.

"Kapiteni, kesho utamusemea yaya wangu Saidi."

"Nitamusemea."

"Sema alikuwa pale. Ile siku. Ni kitu kidogo tu."

Aliweka kifuniko chini. "Mama Aziza, weye unajua hakukuwa."

Nikamweleza yote: Lubunga, gunia, mitumbwi iliyofungwa, wiki nzima ya kuulizauliza bandarini. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nilikuwa nalia, nikaona sasa atalainika. "Pole," akasema. "Lakini mwenye alikuwa, alikuwa. Mwenye hakukuwa, hakukuwa."

"Mbona miaka yote ulinyamaza?"

"Kunyamaza si kusema. Kesho njo kusema."

"Unaiba dame kila siku ya Mungu, na leo umekuwa mutakatifu juu ya kaka yangu?"

"Dame ni dame," akajibu, akaurudia ubao wake. Niliondoka bila kuaga, nikampita mkewe langoni bila kumtazama. Usiku ule sikulala, nikitunga matusi nitakayompa.

Siku ya tatu ua ulijaa mpaka barabarani. Sheikh alimaliza dua, watu wakageuka. Kapiteni alisimama, viatu vinang'aa, akashika mgongo wa kiti. Nilikuwa kwenye mkeka wa wafiwa.

"Saidi," akasema, "alikuwa anasimama kwenye mustari wa kushoto. Kila Dimanche, kila siku ya mechi. Nikikosa mpira alikuwa ananitukana mpaka mama yangu. Miye bila hasira sichezi vizuri, donc nilikuwa nakuja pale njo anitukane." Watu walicheka kidogo, nami nikapumua. Kisha akasema, "Ile siku ya Kinshasa, nilienda pale kupiga kona, nikamutafuta. Fasi yake ilikuwa wazi. Saidi ile siku hakukuwa."

Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema "Eh!" akaziba mdomo. Watu walianza kunitazama, wakageuza macho. Nilimchukia Kapiteni kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka. Lakini hakuwa amekaa.

"Bon. Sasa munisikie. Mutu mwenye kupiga haone. Ile goli, miye sikuiona. Niliona matope, nikaona kiatu yangu, kisha batu walikuwa juu yangu, na mutu moja alikuwa ananikanyaga mukono. Njo yote. Ba-journaliste walikuja, wakaniuliza, sikukuwa na kitu ya kuwaambia. Ubelgiji waliniuliza, sikukuwa na kitu. Nilirudi hapa, nikakaa kwenye mulango yangu, Saidi akakuja akaniambia namna nilifanya. Alikuwa ameuliza muji muzima. Tangu ile siku njo ninajua nilipunguza mbio mbele ya maji. Ninyi munanipenda juu ya goli ya Saidi." Alitoa leso, akaifungua, akaikunja tena. "Sasa njo ameenda nayo. Miye nitauliza nani?"

Akakaa. Mama mmoja wa sokoni alianza kulia, kisha mwingine, na mimi nikarudi chini kwenye mkeka nikalia hasira yangu yote ikatoka. Nilipompelekea sahani ya wali baadaye nilimwekea nyama zaidi ya wengine.

Mwaka huu amezeeka kwa ghafla. Majina ya baba za watu yameanza kumtoka. Vijana wanapokuja langoni sasa wao ndio wanaomkumbusha, "Kapiteni, ulisema papa yangu alikuwa anasimama karibu na mulango mukubwa," naye anaitikia kwa kichwa, anafurahi kumjua mtu. Watu hawajapungua. Toleka bado zinagombana, na watoto bado wanaletwa. Juzi alimkanda mmoja nyayo nusu saa nzima, mama yake akaogopa kumwomba amrudishe.

Wiki iliyopita, alasiri, mkewe alimleta kwenye karakana yangu akamkalisha kwenye benchi la wateja, akaniambia anakwenda sokoni mara moja. Nilikuwa natia zipu gauni la bibi harusi. Kapiteni alitazama mguu wa cherehani ukienda na kurudi. Alikuwa amepigiwa rangi viatu, lakini kamba moja haikufungwa. Niliinama nikamfungia.

"Mama," akasema. Hakuniita Mama Aziza. "Batu wananiambia kulikuwa goli."

"Kulikuwa, Kapiteni."

"Weye uliiona?"

Nilisimamisha cherehani. Siku ile nilikuwa nyumbani, miaka tisa, namngoja kaka yangu alete mchele. Mtu huyu ananijua, au alinijua, na hajawahi kumwachia yeyote.

"Nilikuwa nimesimama kwenye mustari wa kushoto," nikasema, "miguu ndani ya maji."

Nilingoja anikatize. Alisogea mbele kwenye benchi, mikono juu ya magoti, lile zima na lile bovu.

"Na miye?" akaniuliza. "Miye nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unakuja, Kapiteni," nikamwambia. "Ulikuwa unakuja upande wangu."